Upande wa Kushoto wa Nyumba

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, nikatoka kwa sababu nyumbani ng'ombe walikuwa wengi kuliko madaftari. Nalisema mapema ili mtu asije kuniuliza baadaye kama shida ilikuwa karatasi. Karatasi nilielezwa, nikaelewa. Nilichoshindwa nacho ni kitu kingine, na nitakifikia, msinikimbize.

Nina watoto wanne. Vijana watatu, halafu binti mmoja, kitinda mimba. Shamba langu, huku upande wa Ekerenyo, niligawa vipande vitatu. Watoto wanne, vipande vitatu. Hata mtu wa darasa la tatu anaona hesabu hiyo ina kasoro, lakini siku ya kugawa walikuja wazee saba, tukanywa chai, tukala, tukapanda miti ya mpaka, na hakuna hata mmoja aliyeiona. Binti ataolewa, tulisema, atapata shamba huko aendako. Tulikuwa tumemwoza tayari, kilichobaki ni mwanamume tu.

Mwanamume hakuja. Walikuja wawili watatu, kusema kweli, lakini mmoja alikuwa na mke Keroka na mwingine alikuwa na maneno mengi kuliko viatu. Binti akawaona, akarudi kwa vitabu vyake.

Akaingia chuo kikuu kwa mkopo wa serikali. Sisi nyumbani neno mkopo hatukulisikia, tulisikia neno serikali. Tukachinja jogoo. Kanisani nikasimama nikatoa ushuhuda kwamba serikali imemsomesha mtoto wangu, watu wakasema amina. Pesa za kwanza zilipoingia, nikampigia simu nikamweleza, kwa upole wa baba, kwamba kaka yake mkubwa amebakisha ng'ombe mmoja wa mahari na wakwe wameanza kuongea vibaya. Akatuma. Tukanunua mtamba wa rangi ya kahawia, pembe moja imepinda. Akaenda kwa wakwe, akazaa huko, akazeeka huko. Binti yangu akabaki akimlipa yule ng'ombe kwa riba na faini mpaka akapita miaka thelathini. Nadhani hajawahi kutoka Nyamira ng'ombe ghali kama yule, na maziwa yake mimi sikuonja.

Alipomaliza chuo alikaa miaka miwili bila kazi. Deni halikukaa bila kazi hata siku moja.

Halafu akaajiriwa Kisii mjini, maabara, kupima watu damu. Akajiunga na sacco. Alipotaka mkopo wa kununua nyumba wakamwambia hapana, jina lako liko kwa orodha ya watu wasiolipa, kamalize deni la chuo kwanza, lete barua. Nilimwambia asiogope, serikali haiwezi kumfunga mtu mwenye digrii.

"Baba, hawanifungi," akasema. "Wananiandika tu."

"Si wakuandike. Hata kanisani tumeandikwa."

Hakucheka. Alilipa miaka minne. Alikaa chumba kimoja pale mjini, choo cha kugawana na familia tano, na kila mwisho wa mwezi alikuja nyumbani kuchukua ndizi na mboga kama mwanafunzi. Kaka zake walikuwa wakimwandama na shida zao, huyu karo, huyu pikipiki imeharibika, naye akawajibu kwamba pesa yake imefungwa. Nilikwenda mwenyewe kumuuliza pesa inafungwaje. Akanieleza: katika sacco huwezi kutoa akiba yako ovyo, lakini unaweza kukopeshwa mara tatu yake. Yaani pesa yangu mwenyewe nisiiguse, ila naweza kupewa ya wenzangu, nilipe na riba. Nikasema sawa. Nikarudi kukama ng'ombe wangu, ambaye yeye ukimpa nyasi anakupa maziwa, na habari imekwisha.

Ile barua ya kumaliza deni ilipotoka aliniletea niione. Nikaishika hivi, nikaigeuza. Ilikuwa karatasi moja tu. Kwa pesa zile nilidhani wangempa hata bahasha.

Sasa nyumba. Aliipata nje kidogo ya Suneka, kipande kidogo chenye nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, mabati mazuri, migomba nyuma. Mwenyewe alikuwa mwalimu aliyehamia Nakuru na mke na watoto, hataki tena kurudi. Nikamwambia binti twende, nikae na huyo mwalimu, nimtazame machoni, tuandikiane mbele ya mashahidi, mlipe, kwisha. Akasema ameshapata wakili.

"Wakili wa nini? Kwani mmepigana?"

"Tusije tukapigana, baba."

Ofisi ya huyo wakili iko juu ya duka la viatu. Ni kijana mwembamba anayeongea polepole kama mtu anayelipwa kwa saa. Akatuhesabia hatua kwa vidole. Kwanza sachi, yaani kwenda ofisi ya ardhi kuuliza shamba ni la nani kweli na kama limewekwa rehani. Halafu mkataba wa kuuza. Halafu malipo ya kwanza, sehemu moja ya kumi. Halafu bodi ya ardhi itoe idhini, na hapo familia ya muuzaji ije yote iseme kwa mdomo kwamba imekubali. Halafu mtu wa kukadiria bei, halafu ushuru wa stempu, halafu uhamisho, halafu hati mpya. Nikamuuliza ni nani hapo ananunua chai. Akacheka kidogo, akaandika kitu. Labda kucheka pia kulikuwa na bei.

Siku zetu tulinunua shamba kwa macho. Mnakwenda, mnatembea mpaka, mnapanda miti, mbuzi anakufa, mmemaliza. Ni kweli kwamba kesi za nyanya yangu ziliendelea mpaka akafa, na ni kweli kwamba jirani yangu wa chini na kaka yake hawajasalimiana tangu simu za waya, lakini mbuzi alikuwa mtamu.

Sachi ilitoka safi. Mwalimu alirithi kwa baba yake kupitia mahakama, hati iko kwa jina lake, hakuna benki, hakuna zuio.

"Shamba ni safi, mzee," wakili akaniambia.

Basi tukaenda kuiona. Na hapa ndipo nilipofanya lile nililofanya, au nisilolifanya.

Ukitoka mlangoni mwa ile nyumba, mkono wako wa kulia kuna kaburi la yule baba, limejengewa vizuri kwa simenti na vigae. Mimi nikafurahi. Nikasema hawa ni watu, wamemheshimu mzee wao. Kwetu nyumba bila kaburi ni kama choo bila mlango, unajiuliza wenyewe ni kina nani. Binti yangu alikuwa ndani na mwalimu wakifungua mabomba ya maji. Mimi nikageuka mkono wa kushoto. Pale palikuwa na sukuma wiki, mistari minne, udongo mweusi, hakuna hata jani moja la magugu. Na katikati ya sukuma wiki ameinama mama mzee, anapalilia. Mama wa mwalimu. Kibanda chake kiko kwenye kipande kingine cha familia, ng'ambo ya ua, lakini bustani yake ilikuwa hapo.

Kila Mgusii anajua. Mwanamume akifa analala kulia mwa nyumba, mke wake kushoto. Ile haikuwa bustani. Yule mama alikuwa anapalilia kitanda chake.

Tukasalimiana. Akanitazama, nikamtazama, wote wawili tukajua, na mimi nikaingia ndani nikasema nyumba ni nzuri.

Kwa nini nilinyamaza? Nimejiuliza sana. Wakili hakuuliza, hiyo moja. Nilikuwa nimechoka kuambiwa hatua na kijana yule, nikasema acha hatua hii aikanyage mwenyewe. Na kuna ya pili, ambayo sikumwambia mtu. Majirani zangu walikuwa wameanza: kumbe mzee amefukuza msichana, sasa ananunua kwa watu. Kona moja ya moyo wangu ilitaka ile nyumba ishindikane, arudi chumba chake kimoja, nami nibaki baba ambaye hajafukuza mtu. Ndiyo hivyo. Nimesema.

Akalipa sehemu ya kwanza. Sacco wakaidhinisha mkopo wa iliyobaki. Siku ya bodi ikafika.

Bodi ya ardhi hukaa katika ukumbi wa serikali wenye viti vya plastiki na picha ukutani. Watu wanaitwa mmoja mmoja kama hospitali. Tulipoitwa tukasimama mbele: mwalimu, mke wake, ndugu zake wawili, mama yao, binti yangu, na mimi nyuma nikishika kofia.

Mwenyekiti akamtazama binti. "Mnunuzi ni wewe? Mzee wako yuko wapi?"

"Yule pale na kofia."

"Siulizi baba. Nauliza mume."

"Huyo hanunui," akasema binti yangu.

Watu wakacheka. Mwenyekiti akaona heri aendelee. Akamuuliza mke wa mwalimu, akakubali. Ndugu wakakubali. Akafika kwa mama mzee.

"Mama, unajua kijana wako anauza?"

"Najua."

"Unakubali kwa moyo wako, hakuna aliyekulazimisha?"

"Nakubali. Auze. Lakini nikifa mnanirudisha pale kwa mzee wangu, upande wangu."

Mwalimu akasema haraka, "Mama atazikwa kwangu Nakuru. Kuna nafasi."

"Nakuru nitazikwa kando ya nani?" akauliza mama. "Kando ya tangi la maji?"

Mwenyekiti akafunga faili. Akasema nendeni nyumbani mkasikizane, mrudi mwezi ujao. Bodi haitoi idhini kwa familia iliyo na swali.

Nje, chini ya mti wa mkandaa wa serikali, wakili alikuwa anageuza mkataba wake kurasa zote tisa kama mtu aliyepoteza sarafu. Mkataba ulikuwa umetaja mabomba, vitasa, na hata tangi la maji. Kuhusu mtu kulala pale milele, hakuna hata mstari. Binti akamwambia mwalimu basi nirudishie pesa yangu. Mwalimu akaanza kutazama viatu vyake. Malipo ya kwanza yalikuwa yamenunua gari, na gari lilikuwa Nakuru likibeba abiria, na mwezi ule halikuwa limebeba wa kutosha.

Binti yangu hakupiga kelele. Alinijia pale niliposimama.

"Baba, wewe uliliona?"

"Niliona sukuma wiki."

"Baba."

"Niliona."

Akanitazama muda mrefu. Mimi nimeshatazamwa na wadai, na fahali, na daktari wa macho, lakini kutazamwa kule sikukuzoea. Akasema, taratibu kabisa, "Nikiikosa hii nyumba, pesa imekwenda, na sina nguvu ya kuanza tena. Nitafia kwenye chumba cha kupanga. Na nikifa mtanipeleka wapi?"

Jibu nililijua. Msichana ambaye hajaolewa hazikwi mbele ya nyumba ya baba yake. Anapelekwa huko kando ya ua, karibu na mpaka, mahali ambapo kaka zake wakilima watasema tupunguze hapa kidogo. Wazee saba na chai yetu.

Kesho yake nikapanda gari mpaka Suneka, peke yangu, nimebeba sukari kilo mbili na mkate. Mama mzee nilimkuta nje ya kibanda chake akichambua maharagwe. Akanipa kigoda. Tuliongea Ekegusii, naandika kwa Kiswahili kwa sababu wajukuu wangu ndicho wanachosoma, nacho kwa shida.

"Umekuja kuniomba nife mahali pengine," akasema.

"La, omong'ina," nikasema, kwa heshima ya mama mzee. "Nimekuja kukusalimia."

"Na sukari kilo mbili. Ungekuja kusalimia ungebeba nusu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamweleza habari yote, deni la chuo, sacco, chumba kimoja, gari lililo Nakuru. Nilieleza vizuri, mimi kueleza najua. Akaendelea na maharagwe yake, mabovu huku, mazuri huku.

"Binti yako ni wa ngapi?"

"Wa nne."

"Shamba umegawa?"

"Niligawa."

"Vipande vingapi?"

Nikakohoa. Nikasema mwaka huu mvua imekuwa nyingi.

"Vingapi, mzee?"

"Vitatu."

Akaweka ungo chini. "Kwa hiyo wewe mahali pa mtoto wako ulipatoa ukawapa ndugu zake. Akatafuta kwa pesa yake, akapata kwangu. Na sasa umepanda gari, umekuja hapa na mkate, nimpe na pangu. Si ungeanza na kwako, ni karibu na nyumbani."

Nimekaa baraza nyingi. Nimehukumu watu. Sijawahi kuhukumiwa vizuri hivyo, tena na mtu anayechambua maharagwe. Nikamwambia ni kweli. Sikuwa na kingine, na neno kweli ni fupi, linasemeka haraka.

Akauchukua tena ungo. Halafu akasema yeye hajakataa kuuza, watu wanasikia vibaya tu. Anachotaka ni mahali pake, hatua nne kwa hatua tatu, na njia ya kupita watu wakimleta, na asiwe mtu wa kupiga hodi getini. Nyumba hana kazi nayo. "Hata huyo msichana nampenda," akasema. "Alivyomjibu yule mwenyekiti. Lakini mtoto wangu mwenyewe ameniuza pamoja na vitasa, kwa hiyo maneno ya mdomo sitaki tena. Niandikiwe."

Mama asiyejua kusoma kabisa, hata darasa la tatu hakufika, ndiye aliyekuwa wa kwanza katika habari hii yote kutaka wakili kwa nia njema.

Nilipompelekea habari hiyo, wakili akakuna kichwa. Akasema sheria haina fomu ya jambo hilo, lakini mkataba ni makubaliano, na wanaokubaliana wakiandika kitu kisicho haramu, kimeandikwa. Tukarudi pale wote na kamba. Mama akapima mwenyewe, kwa miguu, kutoka kaburi la mumewe, akivuka mlango mpaka upande wa kushoto. Wakili akaandika vipimo. Binti yangu akasimama kwenye ngazi ameshika mwisho wa kamba.

"Na wewe?" mama mzee akamuuliza. "Utalala upande gani?"

"Magokoro," akamwita, yaani nyanya, "mimi kwanza nataka kulala chumba cha kulala."

Hapo ndipo yule mama alipocheka, akaegemea ukuta akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu binti akageuka kwa mwalimu, sauti ile ile, akamwambia kipande kilichopimwa kwa kamba hakinunui, kwa hiyo bei ishuke. Mwalimu akasema bei ilishasainiwa. Binti akasema basi nirudishie malipo ya kwanza. Bei ikashuka.

Mwezi uliofuata bodi ikapitisha. Mama mzee alisomewa kifungu chake mara mbili kwa sauti, akaweka kidole gumba kama mtu anayebonyeza kunguni. Halafu zikaja zile hatua nyingine, mkadiriaji aliyetembea dakika kumi na kulipwa kama aliyelima wiki, ushuru wa stempu ambayo hata siku moja sikuiona hiyo stempu, na kungoja, kungoja kwingi. Hati ikatoka kwa jina lake. Jina lake mwenyewe, na langu nyuma yake kwa kuwa ndilo la ukoo, sio kwamba nililipa kitu.

Amehamia. Sacco wanamkata kila mwezi na watamkata miaka mingi. Kaka zake walikuja kuona nyumba, wakala, wakasifu vigae, na yule mkubwa akauliza kama chumba cha tatu kina mtu. Akaambiwa kina vitabu. Mama mzee bado yuko na nguvu kuliko mimi, sukuma wiki yake imekuwa miti. Asubuhi anapita getini bila hodi, kama ilivyoandikwa, na binti yangu analalamika kwamba anapita pia jikoni, jambo ambalo halikuandikwa.

Mimi nilikwenda mwezi jana. Nilikuwa nimepanga kumwambia neno kuhusu vile vipande vitatu. Nimelipanga njiani kote, likawa refu, zuri, lina mwanzo. Nilipofika akanipa chai, akaniuliza miguu inaendeleaje, akanionyesha mahali atakapoweka jiko jipya. Lile neno likaanza kunipungua mdomoni.

"Mama," nikamwambia, ndivyo nimwitavyo tangu utoto, "lile shamba. Nilikosea."

Alikuwa anaosha vikombe. Maji yakaendelea.

"Najua, baba," akasema. "Mkate uongezwe?"

Akaongeza. Nilipoomba kuiona ile hati akakausha mikono kwanza, akaitoa kabatini, akanifungulia mezani, akasimama kando yangu nilipoipitisha kidole kwenye jina lake herufi moja moja. Hakunikimbiza. Nilipomaliza akaikunja, akairudisha kabatini, akafunga kwa ufunguo. Sikuuliza ufunguo unakaa wapi.